Sifa za Mkuu wa Kazi: Funzo la Mashamba ya Karanga

Na Mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Mwalimu wetu wa Historia ameniagiza niandike somo kwa ajili ya gazeti la muhula huu, juu ya sifa zinazompasa mtu anayewaongoza wenzake kazini. Sababu ya kulichagua jambo hili ni dhahiri. Sisi wa Kidato cha Nne tu karibu kufanya mtihani na kuondoka. Wadogo zetu wa Kidato cha Tatu ndio watakaoshika ukiranja baada yetu. Tena wengi wetu hatutakwenda moja kwa moja Kidato cha Tano, bali tutaingia kazini: wengine madukani, wengine katika maghala ya korosho, wengine machimboni Ruangwa, wengine katika mashamba ya wazazi wetu. Huko tutakuwa chini ya wakubwa, na baada ya miaka michache baadhi yetu tutakuwa wakubwa wenyewe.

Nimesoma vitabu viwili vitatu vinavyoeleza habari hizi. Vyote vyatoa orodha: mkuu wa kazi awe mwaminifu, awe mvumilivu, awe hodari, awe na kauli nzuri, awahi kufika kazini. Sina ugomvi na orodha hizo. Lakini mtu aweza kuwa na sifa hizo zote na kazi yake ikaharibika vilevile, na ushahidi wa neno hili uko hapa hapa kwetu. Hatuna haja ya kuutafuta mbali. Mimi natoka Mkotokuyana, wilaya ya Nachingwea. Nchi yetu ilipata kuwa sehemu ya kazi moja kubwa kuliko kazi zote za kilimo zilizopata kujaribiwa Tanganyika, na kazi hiyo ilianguka. Naomba tuitazame kwa makini.

Vita Kuu ya Pili ilipokwisha mwaka 1945, Uingereza ilikuwa na upungufu mkubwa wa mafuta ya kula. Mwaka 1946 Bwana Frank Samuel, mkuu wa kampuni ya United Africa, alipeleka shauri kwa Serikali ya Uingereza kwamba karanga zilimwe katika Afrika ya Mashariki kwa mashine, juu ya eneo kubwa sana. Serikali ikatuma watu watatu kuja kuiangalia nchi, na mkubwa wao alikuwa Bwana John Wakefield, aliyepata kuwa Mkurugenzi wa Kilimo wa Tanganyika. Walizunguka kwa majuma machache, safari nyingi wakienda kwa ndege, kisha wakaandika taarifa yao. Walipanga kwamba katika muda wa miaka sita zifyekwe na kulimwa ekari 3,210,000, sehemu kubwa Tanganyika na nyingine katika Kenya na Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia. Gharama ilikisiwa kuwa pauni milioni 25 hivi.

Fungu kubwa zaidi la ekari hizo lilikusudiwa liwe katika Jimbo la Kusini, yaani huku kwetu. Lakini huku hapakuwa na reli, wala bandari ya kufaa meli kubwa. Kwa hiyo kazi ilianza mwaka 1947 huko Kongwa, katika nchi ya Wagogo, kwa sababu Reli ya Kati ilikuwa karibu. Nachingwea ikawekwa ingoje mpaka bandari ya Mtwara na reli ya Kusini zijengwe.

Sasa nataka msomaji aangalie jambo hili. Watu walioongoza kazi ile hawakuwa wavivu wala wajinga. Bwana Wakefield aliijua Tanganyika. Meja Jenerali Desmond Harrison, aliyepewa usimamizi huko Kongwa, alikuwa mhandisi wa jeshi mwenye sifa. Wengi wa wasaidizi wao walikuwa askari waliotoka vitani, watu waliozoea taabu na waliotaka kwa moyo kuona jambo jema likitendeka. Ukichukua orodha ya sifa niliyoitaja hapo juu, ukawapima mmoja mmoja, nadhani wengi wao wangefaulu.

Walitaka mwaka wa kwanza zilimwe ekari 150,000. Zilizopandwa ni 7,500 hivi. Wale wanaopenda hesabu watafute wenyewe: ni ekari moja katika kila ishirini.

Kwa nini? Watu wengi hulaumu matrekta, na kweli matrekta yalikuwa mabaya. Mengi yalikuwa masalio ya vita, yaliyonunuliwa yakiwa yamekwisha kutumika. Mengine yalitoka mbali kama Ufilipino. Yalifika kabla ya karakana ya kuyatengenezea kuwa tayari, na vipuri vyake vilikuwa haba. Madereva walifundishwa kwa haraka mno. Visiki na mibuyu ya Kongwa havikucheka na mtu, na baada ya miezi michache sehemu kubwa ya matrekta ilikuwa imelala. Lakini trekta bovu hutengenezwa, au hununuliwa jingine. Kosa la ardhi halitengenezwi hivyo.

Hapa nataka kusema kidogo juu ya karanga yenyewe, maana wenzetu wa mjini huila tu. Karanga ni mmea wa ajabu. Ua lake huchanua juu ya ardhi, kisha baada ya ua kunyauka hutokea kijiti chembamba kinachoinama na kujichimbia chini. Na huko chini ndiko ganda linakojijaza. Basi ardhi ikiwa ngumu juu, kijiti hakiingii. Ikiwa iliingia wakati wa mvua na baadaye ardhi ikakauka na kushikana, karanga zitabaki chini wakati wa kung'oa, nawe utabaki na majani mkononi. Bibi yangu, ambaye hajui kusoma, hupima ardhi ya karanga kwa kiganja. Baada ya mvua ya kwanza huchukua udongo, huufinya, kisha huuachia uanguke. Ukibaki tonge, husema hapa panda mtama. Ukimomonyoka, husema hapa panda karanga. Kipimo hicho hakigharimu senti moja.

Udongo wa Kongwa una mfinyanzi mwingi. Wakati wa kiangazi jua huuchoma ukawa kama sakafu. Majembe ya matrekta yalilika, na karanga zilizofaulu kukomaa zikawa taabu kuzitoa. Tena mvua ya Ugogo ni chache, nayo haina ahadi. Hapakufanywa kwanza shamba dogo la majaribio, walau kwa misimu miwili mitatu, kabla ya kuleta mashine kwa maelfu. Palisemwa kwamba haja ya mafuta ni kubwa na wakati hautoshi.

Nani alijua kwamba kazi inakwenda vibaya? Nimejiuliza swali hili mara nyingi tangu tuliposoma habari hizi darasani. Wagogo walioishi hapo walijua mvua yao. Dereva aliyeketi juu ya trekta alijua tangu siku ya kwanza kwamba jembe haliingii. Fundi alijua kwamba hana vipuri. Nyapara alijua ni ekari ngapi zimefyekwa jana. Hawa wote walikuwa na habari ya kweli, wakaipata mapema, bila gharama. Lakini hesabu ya ekari ilikuwa imekwisha kuandikwa London, ikatangazwa Bungeni, na Waziri wa Chakula, Bwana John Strachey, akaitetea mbele ya wapinzani wake na mbele ya magazeti. Kwa maoni yangu, hapo ndipo mambo yalipofungwa. Mkubwa akiisha kutangaza hesabu mbele ya watu, kila aliye chini yake huona vigumu kumletea hesabu nyingine. Anayeleta habari mbaya huonekana mwoga, au mpinzani, au mtu asiyependa maendeleo. Basi habari hupunguzwa uchungu katika kila ngazi inayopanda, hata ikifika juu imekuwa tamu.

Mwaka 1949 Bwana Wakefield mwenyewe aliondolewa katika baraza la shirika lile. Mwezi Januari 1951 Serikali ya Uingereza ilitangaza kuuacha mpango, na hasara ilikuwa pauni milioni 36 na zaidi. Huku kwetu reli ilikuwa imefika Nachingwea mwaka 1949, ikawa haina karanga za kutosha za kubeba. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 ilifungwa na vyuma vikang'olewa. Ambacho hakikung'olewa ni bandari ya Mtwara, inayosafirisha korosho za Kusini mpaka leo; na mji wa Nachingwea wenyewe ulikua kwa sababu ya kazi ile. Sitaki kusema kwamba yote yalikuwa bure. Mwaka 1955 mashamba yaliyosalia yalikabidhiwa Shirika la Kilimo la Tanganyika, nalo likaendelea kwa kiasi kidogo zaidi, likiwagawia wakulima Waafrika vipande vya kulima. Huko Urambo, ambako pia palikuwa na mashamba ya karanga, tumbaku ndiyo iliyostawi.

Mwenzangu mmoja wa darasani, tulipojadili jambo hili katika chama chetu cha mdahalo, alinipinga kwa nguvu. Alisema kwamba mkuu wa kazi anayemsikiliza kila mtu hatamaliza kazi yoyote. Atakaa akisikiliza hata jua litue. Akatoa mfano wa jeshi, ambako amri hutolewa mara moja na hutiiwa. Ni hoja nzuri, nami sikuweza kuijibu siku ile. Baadaye nikapata jibu, tena katika jeshi, na hapa hapa Nachingwea.

Chama cha FRELIMO, kilichoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1962 ili kuikomboa Msumbiji, kilianza vita vyake Septemba 1964. Mwaka uliofuata kilifungua kambi kubwa ya mafunzo Nachingwea, na aliyekuwa mkuu wa kambi hiyo ni Samora Machel. Kabla ya hapo alikuwa muuguzi wa hospitali. Katika kambi ile wapiganaji walijifunza silaha, na pia walijifunza kusoma, na walilima chakula chao wenyewe, na wakubwa walishika jembe pamoja na waliofika jana. Mkuu anayelima karibu na wewe haandikiwi barua kwamba ardhi ni ngumu. Jembe lake humwambia. Na amri yake, akiisha kuitoa, hutiiwa upesi zaidi, kwa sababu watu wajua kwamba imetolewa na mtu aliyeona. Hilo ndilo jibu langu kwa mwenzangu: kusikiliza hakuzuii amri, bali huja kabla ya amri. Juni 25, 1975, Msumbiji ilipata uhuru na Machel akawa Rais wake wa kwanza.

Lakini kwa kuwa hili ni somo, si sifa za harusi, yafaa niseme na upande wa pili. Katika mwaka huo huo wa 1975, kambini Nachingwea, watu waliompinga Machel na wenzake walisimamishwa mbele ya umati wakasoma maungamo. Mmoja wao alikuwa Uria Simango, aliyepata kuwa Makamu wa Rais wa FRELIMO. Baadaye waliuawa bila ya hukumu ya mahakama. Kwa hiyo mtu aweza kuwa na sikio zuri kwa habari ya jembe na mihogo, na kuwa kiziwi kwa neno la mpinzani. Sikio la mkuu wa kazi si jambo analolipata mara moja likakaa. Hupungua kadiri cheo kinavyopanda, nadhani kwa watu wote.

Sasa nitoke katika historia, maana baadhi ya wasomaji watasema haya ni mambo ya mawaziri na majenerali. Kaka yangu mkubwa alikuwa utingo wa lori lililokuwa likibeba korosho. Sitamtaja mwenye gari wala mahali. Juma zima breki za lori lile zilikuwa hazishiki vizuri, na dereva aliogopa kusema kwa kuwa alikuwa mgeni kazini. Kaka ndiye aliyekwenda kwa msimamizi, akamwambia, "Mzee, breki hazishiki, tukipakia magunia yote tutapata matatizo kwenye mteremko." Msimamizi akajibu, "Utingo ndiye atanifundisha gari? Msimu unakwisha, pandeni." Wakapanda. Mzigo ulikuwa wa haraka, kama vile mafuta ya Waingereza yalivyokuwa ya haraka. Kwenye mteremko lori lilimshinda dereva, likaingia mtaroni na kulala ubavu. Mwenyezi Mungu alisaidia hakufa mtu. Kaka alivunjika paja. Sasa anatembea kwa mkongojo na anatengeneza baiskeli nyumbani, Mkotokuyana, na ada yangu ya mambo madogo madogo hapa bwenini yatoka katika baiskeli hizo.

Nimemwuliza kaka kama anamchukia yule msimamizi. Alifikiri, kisha akasema kwamba alikuwa mtu mwema: alilipa vibarua siku ya mwisho wa mwezi bila kuchelewa, hakuwahi kumtukana mtu matusi makubwa, na siku ya ajali alikuja hospitali kabla ya ndugu wengine kufika. Neno hilo lilinifanya nifikiri sana. Msimamizi yule alikuwa na karibu kila sifa iliyo katika vitabu.

Wazazi wanaosoma gazeti hili, ambao wengi ni wakulima na baadhi yao ni viongozi wa vyama vya ushirika vya msingi, wajua kuliko mimi jinsi neno linavyoweza kukwama njiani. Mkulima akiona mizani ina kasoro, amwambie nani? Akimwambia karani, na karani akaogopa katibu, na katibu akaogopa mwenyekiti, kilo zake zimepotea ijapokuwa wote wanne ni watu waaminifu. Sisemi hivi kwa kukilaumu chama chochote. Nasema tu kwamba uaminifu wa mtu mmoja mmoja hautoshi, kama njia ya kupeleka habari juu imezibwa na woga.

Hapa shuleni tuna mfano mdogo ulio mwema. Muhula uliopita mwanafunzi mmoja wa Kidato cha Kwanza, mwenye umbo dogo ambaye nadhani hakuwa amepata kusema na kiranja hata mara moja, alikuja usiku wakati wa kujisomea, akasema kwamba pampu ya maji inalia sauti ngeni. Wengine walicheka. Kiranja wa maji hakucheka. Alimwuliza, "Umeisikia wapi? Twende unionyeshe." Wakaenda wote wawili na taa, wakasikiliza, kisha wakampelekea habari mwalimu wa zamu usiku ule ule. Pampu ikazimwa. Fundi alipokuja asubuhi alikuta mkanda umeanza kuchanika. Akabadilisha mkanda peke yake, na kabla ya saa sita tulikuwa na maji. Alisema kwamba kama ingeendelea siku mbili tatu, mota nayo ingeharibika. Na siku ya Jumamosi, katika mkutano wa bweni, kiranja alisimama akasema nani aliyeleta habari ile, na nini kilichofanyika. Mimi naliona hilo la mwisho kuwa muhimu kuliko watu wanavyodhani, maana tangu siku ile watoto wa Kidato cha Kwanza wameleta habari nyingi: kitanda kilicholegea, taa inayorusha cheche, nyoka nyuma ya jiko. Nyingine hazikuwa na maana. Nyoka mmoja alikuwa kamba.

Basi nikiwaambia wadogo zangu wa Kidato cha Tano wajao na wa Kidato cha Tatu mtakaoshika ukiranja, siwaambii mwe wavumilivu na wenye kauli nzuri, maana hayo mmekwisha kuambiwa. Nawaomba jambo la kutenda. Kabla ya kumwahidi Mwalimu Mkuu kwamba matuta mia mbili ya mihogo yatakwisha Ijumaa, nendeni kwanza shambani na jembe, mkalime matuta mawili, mpate kujua ardhi ikoje juma hilo. Mkiisha kuahidi na mambo yakageuka, mwambieni siku ile ile, msingoje Ijumaa. Na anayewaletea habari mbaya, hata ikiwa imewaudhi, hata ikiwa ni kamba badala ya nyoka, msimpe adhabu wala msimfanyie mzaha mbele ya wenzake.

Sisi tunaoondoka tumekubaliana na mwalimu wa bweni kwamba liwekwe daftari la kasoro. Liko kwenye meza iliyo karibu na mlango wa bweni, limefungwa kwa kamba pamoja na kalamu. Mtu yeyote aweza kuandika humo, bila ya kutia jina lake akipenda. Kiranja hulisoma kila jioni kabla ya kengele ya chakula, na mkabala wa kila kasoro huandika nini kimefanyika na siku gani. Mwalimu wa bweni hulitia sahihi siku ya Jumamosi. Mpaka leo yameandikwa mambo 31, na katika hayo 9 bado hayana jibu, mojawapo likiwa mlango wa choo cha pili, ambao fundi ameahidi kuutengeneza kabla ya shule kufungwa.